Alphonse Bertillon, karani aliyeigeuza sura ya mtu kuwa hesabu

Mwaka 2019 Jeshi la Polisi la Uganda lilithibitisha kwamba kamera zilizofungwa katika barabara za Kampala zina uwezo wa kutambua sura za wapitanjia. Miezi michache baadaye, Januari 2020, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba serikali isingeweza kuendelea na usajili wa Huduma Namba pasipo kanuni kamili za kulinda taarifa za wananchi, na ikakataza kabisa kukusanywa kwa vinasaba vyao. Mambo haya huzungumzwa kana kwamba yamezaliwa juzi pamoja na kompyuta. Lakini swali la ni nani mwenye haki ya kuipima sura ya mtu, kuiweka katika sanduku na kuitoa tena siku aitakayo, lilikwisha kuulizwa mjini Paris zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Aliyelizusha hakuwa jenerali wala mwanasiasa. Alikuwa karani wa daraja la chini aliyekuwa akinakili fomu za polisi.

Alphonse Bertillon alizaliwa Paris mwezi Aprili mwaka 1853, katika nyumba ya wasomi. Baba yake, Louis-Adolphe, alikuwa tabibu na mwanatakwimu, na mmoja wa waasisi wa Jumuiya ya Anthropolojia ya Paris. Babu yake mzaa mama, Achille Guillard, ndiye aliyebuni neno demografia. Kaka yake, Jacques, baadaye alitunga orodha ya sababu za vifo ambayo ndiyo asili ya ile inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani hadi leo. Katika ukoo huo wa watu waliokesha wakihesabu wenzao, Alphonse alikuwa ndiye aibu ya nyumba. Alifukuzwa shule zaidi ya mara moja. Alikwenda Uingereza kufundisha Kifaransa, asifike mbali, kisha akatumikia jeshi. Alikuwa mtu mkavu, mwenye hasira za karibu, asiyejua kupendeza wakubwa. Mwezi Machi 1879, akikaribia umri wa miaka 26, alipata kazi ya ukarani katika makao makuu ya polisi kwa msaada wa marafiki wa baba yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kunakili maelezo ya watu waliokamatwa. Kila kadi ilisema mambo yale yale: kimo cha wastani, uso wa kawaida, nywele nyeusi. Maelezo hayo yangeweza kumfaa nusu ya wanaume wa Ufaransa. Picha za wafungwa zilikuwako kwa maelfu, lakini zilipangwa kwa majina, na mtu aliyekwisha kufungwa mara tatu alikuwa na kila sababu ya kutaja jina jingine mara ya nne. Zamani dola ilikuwa na dawa yake ya jambo hili: mfungwa alichomwa chapa begani kwa chuma cha moto, na chapa hiyo haikujua uongo. Ufaransa iliufuta ukatili huo mwaka 1832. Tangu hapo mahakama zilibaki zikimtazama mtu usoni bila kujua kama ndiye yule wa mwaka jana.

Hapo ndipo malezi ya nyumbani yalipomfaa Bertillon. Tangu utotoni alikuwa amewaona wazee wake wakipima mafuvu ya vichwa na kuandika tarakimu. Alijua pia mafundisho ya Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji, kwamba vipimo vya miili ya binadamu hutofautiana kwa utaratibu maalumu. Akafikiri hivi: mifupa ya mtu aliyetimiza miaka 20 haikui tena, na haiwezi kufichwa kwa ndevu wala kofia. Ukichukua vipimo vya kutosha, hutapata watu wawili walio sawa katika vyote. Basi kadi zipangwe kwa vipimo, si kwa majina. Mwenye kusema uongo atasemewa na mifupa yake.

Aliandika waraka akaupeleka kwa mkuu wa polisi, Louis Andrieux. Andrieux alikuwa mwanasiasa asiyependa hesabu, na waraka ulikuwa umeandikwa vibaya. Aliona karani wake amerukwa na akili, akamwita baba mtu ili amwonye kijana aache upuuzi. Mzee, aliyedhani ameitwa kuambiwa kwamba mwanawe amefukuzwa kazi kwa mara nyingine, alisoma waraka ule akatambua kwamba yule mtoto aliyemkatia tamaa alikuwa amegundua jambo. Haikusaidia kitu. Bertillon alingoja zaidi ya miaka mitatu, hadi Andrieux alipoondoka na mrithi wake, Jean Camescasse, alipokubali kumpa majaribio mwishoni mwa mwaka 1882. Muda aliopewa ulikuwa miezi mitatu. Katika miezi mitatu ilibidi mtu apimwe, ahukumiwe, atumikie kifungo, atoke, atende kosa tena na akamatwe tena. Kwa ukweli huo ilikuwa karibu na kumkatalia.

Vipimo vilikuwa 11. Vilihusu kimo cha kusimama na cha kuketi, upana wa mikono iliyonyooshwa, urefu na upana wa kichwa, sikio la kulia, mguu wa kushoto, vidole vya mkono wa kushoto, na dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Kichwa kilipimwa kwa chombo cha chuma kinachofanana na bikari kubwa yenye ncha zilizopinda. Kila kipimo kiligawanywa katika mafungu matatu: kifupi, cha kati, kirefu. Hivyo kadi moja iliweza kufuatwa kutoka kabati hadi droo, kutoka droo hadi fungu dogo la kadi chache tu. Mwanamke ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe, Amélie Notar, alimsaidia kuziandika kwa hati safi, kwani hati ya Bertillon mwenyewe haikusomeka.

Mwezi Februari 1883 aliletwa mtu aliyejitambulisha kwa jina la Dupont, jina lililoenea kule kama Juma lilivyoenea uswahilini. Bertillon alimpima, akafuata droo, akaitoa kadi ya mtu aliyeitwa Martin, aliyekamatwa Desemba iliyotangulia kwa wizi wa chupa tupu. Tarakimu zilikuwa zile zile. Mtu yule alikana, kisha akakiri. Mwaka huo Bertillon aliwatambua watu 49 kwa njia hiyo, na mwaka uliofuata 241. Magazeti yakampamba, na nchi nyingine zikatuma maofisa wake kujifunza.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana ndani ya hesabu ile mlikuwa na kasoro ambayo bado tunaishi nayo. Waliousifu mfumo walipiga hesabu hivi: ikiwa uwezekano wa watu wawili kulingana kwa kipimo kimoja ni 1 kati ya 4, basi kulingana kwa vipimo vyote 11 ni 1 kati ya zaidi ya milioni 4. Inavutia, lakini si kweli. Mtu mrefu kwa kawaida ana dhiraa ndefu na mguu mrefu. Vipimo vyake vinafuatana kama ndugu, wala havipaswi kuhesabiwa kana kwamba kila kimoja ni shahidi anayejitegemea. Mwingereza Francis Galton aliliona jambo hilo mwaka 1888, na katika kulichunguza akaweka msingi wa tawi zima la takwimu, lile linaloeleza jinsi kitu kimoja kinavyoambatana na kingine. Uhakika uliokuwa ukitangazwa ulikuwa mkubwa kuliko uhakika uliokuwapo.

Kamera za leo ni wajukuu wa bikari ile. Katika miaka ya 1960 mwanahisabati Mmarekani Woodrow Bledsoe aliweka alama kwa mkono juu ya picha za watu, kwenye pembe za macho na za mdomo, kisha akaiachia kompyuta ikokotoe umbali baina ya alama hizo. Programu za sasa hazihitaji mkono wa mtu. Zimejifunza zenyewe kutokana na mamilioni ya picha, nazo huigeuza sura kuwa mfululizo wa tarakimu. Hata hivyo jibu lake si ndiyo wala siyo. Ni kiwango cha kufanana, na binadamu ndiye anayeamua wapi aweke mpaka wa kusema huyu ndiye. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, ilichapisha uchunguzi wa programu 189. Katika nyingi kati ya hizo, makosa ya kumfananisha mtu na asiye yeye yalionekana zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia ya Mashariki. Msikilizaji anayeishi katika ukanda huu ana haki ya kulitafakari hilo kabla ya kuambiwa kwamba mashine haina upendeleo. Mwezi uliofuata, karibu na mji wa Detroit, polisi walimfunga pingu mwanamume mmoja mweusi nje ya nyumba yake, mkewe na watoto wakitazama, kwa sababu programu ilikuwa imeifananisha picha yake na ya mwizi wa saa. Hakuwa yeye.

Turudi Paris. Mafanikio ya Bertillon yaliwafikia wabunge kwa wakati waliouhitaji. Tarehe 27 Mei 1885 ilipitishwa sheria ya kuwahamisha maisha, kupelekwa Guiana au New Caledonia, watu waliorudia makosa, yakiwamo makosa madogo kama wizi na uzururaji. Ili sheria hiyo ifanye kazi, hakimu alipaswa kujua mtu amefungwa mara ngapi. Kadi za Bertillon zilimjibu. Kwa hiyo mwizi wa chupa aliyetambuliwa hakuishia kuongezewa wiki chache gerezani. Aliweza kupandishwa meli asirudi tena. Sidhani kwamba Bertillon alikaa akawaza kuhusu meli zile. Kazi yake, kwa maoni yake, ilikuwa kusema mtu huyu ni nani. Yaliyofuata yalikuwa ya wengine. Wahandisi wengi wa siku zetu hujibu hivyo hivyo.

Haifai kumnyima haki yake. Kabla yake mtu aliweza kufungwa kwa kosa la mwingine kwa sababu askari mmoja aliapa kwamba anaikumbuka sura. Kadi ya vipimo ilikuwa kinga dhidi ya macho ya askari huyo. Ilisaidia pia kuwapa majina maiti waliookotwa bila jina, na ndugu zao wakapata wa kumzika. Yeye ndiye aliyeweka utaratibu wa picha mbili, ya mbele na ya ubavu, kwa umbali na mwanga usiobadilika, mfungwa akiwa ameketi kwenye kiti kilichofungwa sakafuni. Picha ya ubavu aliitaka kwa ajili ya sikio, kwani aliamini hakuna kiungo cha uso kinachotofautiana baina ya watu kama sikio. Picha hizo mbili zingali zikipigwa katika vituo vya polisi duniani kote.

Kilele cha sifa yake kilikuwa mwaka 1892. Mabomu yalilipuliwa Paris katika nyumba walimokaa maofisa wa mahakama, na mji ukajaa hofu. Mhudumu wa mkahawa alimshuku mteja mmoja akatoa taarifa, naye akakamatwa akijiita Ravachol. Bertillon alimpima. Vipimo vililingana na kadi iliyotoka Saint-Étienne, ya mtu aitwaye Koenigstein, aliyekuwa akitafutwa kwa makosa ya kawaida ya uhalifu. Serikali ikampa Bertillon nishani, na wananchi wenye hofu wakaona kwamba kipimo ni ngao yao. Katika siku za mabomu si wengi wanaouliza nani mwingine ameingizwa kwenye droo.

Miaka miwili baadaye ndipo alipojikwaa. Mwezi Oktoba 1894 jeshi la Ufaransa lilikuwa na barua isiyo na sahihi, iliyopatikana katika takataka za ubalozi wa Ujerumani, ikionyesha kwamba ofisa fulani anauza siri. Shaka ilimwangukia kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi. Mtaalamu wa hati aliyeulizwa kwanza alisita kusema kwamba hati ni yake. Jeshi likamgeukia Bertillon, ambaye hakuwa mtaalamu wa hati bali alikuwa na jina kubwa katika elimu ya utambuzi. Yeye hakusita. Mahali hati ilipofanana na ya Dreyfus, alisema ni ushahidi. Mahali isipofanana, alisema Dreyfus aliibadili hati yake kwa makusudi ili aweze kukana. Alichora michoro, akapima nafasi baina ya herufi, akajenga hesabu isiyoweza kumwachia mshitakiwa mlango wowote wa kutokea. Dreyfus alihukumiwa, akavuliwa cheo hadharani, akafungwa katika Kisiwa cha Ibilisi huko Guiana, pwani ile ile walikopelekwa wahamishwa wa sheria ya 1885.

Aliyeandika barua alikuwa ofisa mwingine, Esterhazy. Ilipokwisha kujulikana hivyo kwa kila mwenye kutaka kujua, Bertillon alifika tena mbele ya mahakama ya kijeshi ya Rennes mwaka 1899 na kuirudia nadharia yake, ndefu zaidi na yenye michoro zaidi. Mwaka 1904 wanahisabati watatu, mmoja wao Henri Poincaré, walitakiwa kuikagua kazi hiyo, wakaonyesha kwamba haina thamani ya kisayansi. Mwezi Julai 1906 Dreyfus alisafishwa kabisa. Bertillon alibaki ofisini mwake. Hakupata kukubali kwamba amekosa.

Wengine wamelieleza jambo hili kama chuki dhidi ya Wayahudi, na chuki hiyo ilikuwa tele katika kesi ile. Mimi naona lilikuwapo pia jambo la kitaaluma. Mtu aliyezoea kwamba kadi zake hazikosei alifika mahali ambapo hakuwa na kadi, akaendelea kusema kwa sauti ile ile ya uhakika. Nao waliomsikiliza hawakuwa na njia ya kuona tofauti.

Wakati huohuo njia nyingine ilikuwa ikimpita. Mwaka 1892 huko Argentina, polisi kwa kufuata mfumo wa Juan Vucetich walitatua kesi ya mauaji kwa alama ya kidole. Katika India iliyotawaliwa na Uingereza, Edward Henry pamoja na wasaidizi wake Azizul Haque na Hem Chandra Bose walitengeneza njia ya kuzipanga alama hizo, na London ikaichukua mwaka 1901. Bertillon aliziongeza kwenye kadi zake kwa shingo upande. Mwaka 1902 yeye mwenyewe alimtambua muuaji, Henri-Léon Scheffer, kwa alama zilizobaki kwenye kioo kilichovunjika. Lakini kadi ziliendelea kupangwa kwa mifupa. Picha ya Mona Lisa ilipoibwa Louvre mwaka 1911, kadi ya mwizi, Vincenzo Peruggia, ilikuwamo kabatini kwa sababu ya makosa ya awali, na hakuna aliyeipata. Picha ilirudi baada ya miaka miwili, mwizi alipojaribu kuiuza Florence.

Lililo zito zaidi katika maisha ya Bertillon, kwa maoni yangu, ni jambo ambalo magazeti ya siku zile hayakulipa nafasi kubwa. Tarehe 16 Julai 1912 bunge la Ufaransa lilipitisha sheria kuhusu watu wa kuhamahama, hasa jamii za Waroma waliosafiri kwa magari ya farasi wakifua vyuma, wakifuma vikapu na kufanya biashara ya farasi. Kila mmoja wao, kuanzia umri wa miaka 13, alilazimika kubeba kijitabu. Ndani yake mlikuwa na kimo, upana wa mikono, urefu na upana wa kichwa, sikio la kulia, vidole, dhiraa, alama za vidole na picha mbili, ya mbele na ya ubavu. Kilipaswa kupigwa mhuri kila walipoingia katika mji na kila walipotoka. Hawakuwa wameshitakiwa kwa lolote. Kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuhukumiwa mara mbili kilikuwa sasa kimehamishiwa kwa msichana ambaye kosa lake lilikuwa kuzaliwa katika gari la farasi.

Hali hiyo haikuishia Ulaya. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya usajili wa wenyeji, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita. Wanaume Waafrika walipaswa kubeba cheti chenye alama za vidole, kikiwa ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, ili mfanyakazi aliyemkimbia mwajiri apatikane. Njia iliyotumiwa ilikuwa ya Henry, wala si ya Bertillon, lakini mantiki ilikuwa moja. Watu walikiita kipande, na wapo nchini Kenya wanaokiita kitambulisho hivyo hadi leo.

Bertillon alifariki tarehe 13 Februari 1914, akiwa na umri wa miaka 60, mgonjwa na karibu kipofu. Vipimo vya mifupa havikudumu sana baada yake. Polisi wa nchi nyingi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye alama za vidole. Vijitabu vya wahamaji vilidumu. Tarehe 6 Aprili 1940, vita vikiwa vimeanza, serikali ya Ufaransa iliamuru wenye vijitabu hivyo wasihame tena, wakae chini ya macho ya polisi. Hawakuhitaji kutafutwa sana, kwani mihuri ilionyesha wako wapi. Chini ya utawala wa Wajerumani na ule wa Vichy maelfu yao waliwekwa kambini, watoto kwa wazee. Wa mwisho waliachiwa kutoka kambi ya Les Alliers, mjini Angoulême, tarehe 1 Juni 1946, mwaka mmoja na zaidi baada ya vita kwisha Ulaya. Kijitabu cha vipimo kilifutwa mwaka 1969 na mahali pake pakaja hati nyingine za kusafiria za watu hao hao. Hizo nazo zilifutwa Januari 2017.